Hakimiliki na Kibali cha Mfalme

Mwana Kupona binti Mshamu alipoufikisha ukingoni utendi aliomtungia bintiye, hakuuacha uende bila ya mwenyewe. Alitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, kisha akautia tarehe: mwaka 1275 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Miladia ni 1858. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya watunzi wa pwani. Katika beti za tamati mtunzi hujitambulisha, huomba radhi kwa makosa yake, na humtaka msomaji amwombee dua. Baada ya hapo utendi ulikuwa wa kila mwenye wino, karatasi na subira ya kuunakili. Katibu aliyeketi kibarazani Lamu au Siu akiuhamisha kwa hati za Kiarabu hakumlipa mtu ada ya ruhusa, wala hakubisha hodi kwa liwali kuomba kibali. Alichodaiwa ni amana tu: asilifute jina la mwenye kazi na asiyapotoe maneno yake. Wako waliopotoa, na wanazuoni wa leo wangali wanahangaika kulinganisha nakala. Lakini hakuna aliyepelekwa kwa kadhi kwa kosa la kunakili.

Uingereza, ambako ndiko yalikotoka mengi ya yale yaitwayo leo sheria za hakimiliki, mambo yaliingilia mlango mwingine kabisa. Hakimiliki ya Kiingereza haikuzaliwa na mshairi. Ilizaliwa na mpekuzi.

Mwaka 1557 Malkia Mary na mumewe Philip walikipa hati ya kifalme chama cha wapiga chapa na wauza vitabu wa London, Stationers' Company. Hati yenyewe haikuficha nia yake: ilitolewa ili vizuiwe vitabu vya uchochezi na vya uzushi katika dini. Tangu siku hiyo, isipokuwa kwa mwenye hati maalumu ya ufalme, hakuna aliyekuwa nje ya chama aliyeruhusiwa kupiga chapa nchini. Wakuu wa chama walipewa uwezo wa kuingia katika nyumba na maduka, kupekua, kukamata, kuchoma na kuwatia watu ndani. Na mwanachama, kama ujira wa kuifanyia serikali kazi ya ulinzi, alipata kitu chenye thamani kubwa: akiandikisha jina la kitabu katika daftari la chama, nakala ile huwa yake, na mwenziwe hana ruhusa ya kuigusa, si leo wala si baada ya miaka mia. Neno la Kiingereza la hakimiliki, ambalo kwa asili yake ni haki ya nakala, mizizi yake imo katika daftari hilo. Mtunzi hamo. Mtunzi alikwisha kuziuza karatasi zake kwa alichokipata, akaenda zake.

Kwa hiyo udhibiti na umiliki walikuwa pacha wa tumbo moja. Serikali ilihitaji mashine chache ili izione zote. Wafanyabiashara walihitaji mashine chache ili bei isishuke. Amri ya mahakama ya Star Chamber ya 1637 iliweka idadi ya wapiga chapa wakuu wa London kuwa 20, na wenye mashine hawakulalamika, maana walikuwa miongoni mwa hao 20.

Mahakama hiyo ilivunjwa 1641, Bunge lilipokuwa likishindana na Mfalme Charles wa Kwanza, na kwa muda mfupi London ikawa na uhuru wa chapa ambao haijapata kuuona. Haukudumu. Mwaka 1643 Bunge lile lile lililojinasibisha na uhuru lilirudisha kibali, na waliolisukuma hawakuwa maaskofu bali wenye chama, waliolia kwamba bila ya kibali mali yao inaibwa. Hapo ndipo alipozuka John Milton, mshairi aliyekuwa amechapisha kitabu cha kutetea talaka pasi na ruhusa ya mtu. Chama kilimshitaki kwa Bunge mwezi wa Agosti 1644. Jibu lake lilitoka Novemba mwaka huo, kijitabu kiitwacho Areopagitica, nacho pia hakikuwa na kibali wala hakikuandikishwa daftarini. Hoja yake mashuhuri ni kwamba kitabu kina uhai ndani yake, na mwenye kukiua huua akili. Hoja isiyotajwa sana imo mwishoni: kwamba nyuma ya pazia la kulinda dini na dola wamejificha wauza vitabu wanaotaka kuwakandamiza wenzao sokoni. Milton aliwaona pacha wote wawili.

Haifai hata hivyo kumtukuza kupita kiasi. Uhuru alioudai hakuwapa Wakatoliki, na miaka saba baadaye, alipokuwa mtumishi wa serikali ya Cromwell, alikaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha mkaguzi, akitoa kibali kwa gazeti la serikali. Kalamu ikishapewa ofisi hubadilika mwandiko.

Ufalme uliporudi 1660 vitabu vya Milton vilichomwa hadharani na mnyongaji, naye akatiwa ndani kwa muda, kipofu. Mwaka 1662 ilitungwa sheria mpya ya kibali, na mwaka uliofuata Roger L'Estrange akapewa cheo cha msimamizi wa chapa, na mamlaka ya kupekua usiku na mchana. Usiku mmoja wa Oktoba 1663 aliivamia nyumba ya mpiga chapa aitwaye John Twyn, akamkuta na kurasa mbichi za kitabu kilichodai kwamba wananchi wana haki ya kumhukumu mfalme wao. Twyn alitakiwa amtaje mwandishi. Hakumtaja. Februari 1664 alinyongwa, mwili wake ukakatwa vipande, na vipande vikatundikwa kwenye milango ya mji. Jina la mwandishi halikutoka kinywani mwake.

Katika hewa ya namna hiyo ndimo ilimotoka Paradise Lost. Mswada ulipelekwa kwa Thomas Tomkyns, kasisi wa askofu mkuu wa Canterbury, ili atoe kibali. Yasimuliwa kwamba kilichomsumbua si Shetani wala Adamu, bali mfano mmoja wa mistari michache katika kitabu cha kwanza, mshairi anapozungumzia kupatwa kwa jua na hofu inayowaingia wafalme. Kasisi alinusa uchochezi katika jua. Mwishowe aliruhusu. Mkataba wa Milton na mpiga chapa Samuel Simmons, wa tarehe 27 Aprili 1667, umehifadhiwa: pauni 5 taslimu, pauni 5 nyingine zikishauzwa nakala 1,300 za chapa ya kwanza, na kadhalika kwa chapa zitakazofuata. Mshairi alipokea pauni 10 kabla ya kufa 1674. Mjane wake aliiuza haki yote iliyobaki 1680 kwa pauni 8. Pauni 18 basi, kwa utenzi mkubwa kuliko zote katika Kiingereza. Si muda mrefu baadaye muuza vitabu Jacob Tonson alianza kuinunua haki hiyo kipande kwa kipande, na yeye na jamaa zake waliivuna kwa miongo mingi.

Sheria ya kibali ilikufa 1695, na namna ilivyokufa yafaa kuzingatiwa. Aliyeifanyia kazi zaidi ni mwanafalsafa John Locke, ambaye aliwaandikia marafiki zake bungeni waraka wa kuipinga. Hoja nyingi zilizowashinda watetezi wake hazikuwa za uhuru wa fikra. Zilikuwa za mtu aliyechoka na usumbufu: chama kimehodhi hata vitabu vya Warumi wa kale, hivyo mwanafunzi wa Kilatini hulipa bei kubwa kwa chapa mbovu; vitabu kutoka ng'ambo vyaoza forodhani vikimsubiri mkaguzi; nyumba za watu zapekuliwa kwa tuhuma tupu. Wabunge hawakukaa kuusifu uhuru. Walikataa tu kuirefusha sheria, nayo ikaisha muda wake kama tangazo lililobanduka ukutani.

Wenye chama walibaki na daftari lisilo na meno. Mara kadhaa walirudi bungeni kuomba sheria ya zamani, mara zote wakashindwa. Ndipo walipobadili wimbo. Badala ya kusema kwamba bila ya wao uchochezi utaenea, walianza kusema kwamba bila ya ulinzi watunzi na aila zao watakufa njaa. Mtunzi, ambaye kwa karne moja na nusu hakuwamo katika hesabu, aliletwa barazani akavishwa kanzu nyeupe.

Haimaanishi kwamba dhiki ya watunzi ilikuwa ya kubuni. Daniel Defoe alitoa 1701 shairi la kejeli, The True-Born Englishman, likapendwa mno, na yeye mwenyewe alidai kwamba nakala 80,000 za wizi ziliuzwa mabarabarani kwa peni moja au mbili. Miaka miwili baadaye serikali ilimweka kwenye mkatale siku tatu mfululizo kwa kijitabu kingine cha kejeli. Defoe basi aliujua mkono wa mwizi na mkono wa dola, na katika maandishi yake ya 1704 aliyafunga mambo hayo mawili pamoja: kila kitabu kiwe na jina la mwandishi, ili akikosa ashitakiwe yeye, na akipata faida iwe yake. Katika hoja hiyo ya Defoe jina ni ngao na ni kamba pia.

Sheria ya 1710, inayojulikana kwa jina la Malkia Anne, ilikuwa ya kwanza kumtaja mtunzi kuwa ndiye mwenye haki. Ilimpa miaka 14, na mingine 14 ikiwa yu hai ya kwanza ikiisha. Vitabu vya zamani vilipewa miaka 21. Nakala 9 za kila kitabu zilitakiwa zipelekwe kwa maktaba. Kubwa zaidi, haki ilikuwa na mwisho. Wauza vitabu wa London waliipokea kwa mkono mmoja na kuikanyaga kwa mguu. Kwa miaka 60 walishikilia kwamba juu ya haki ya sheria ipo haki nyingine ya asili, isiyokufa, ambayo mtunzi huwauzia wao pamoja na mswada.

Shauri lililoamua jambo hili lilihusu shairi. James Thomson, Mskoti, aliandika The Seasons, utungo mrefu juu ya majira manne ya mwaka, uliotimia 1730. Andrew Millar aliununua, Thomson akafa 1748, miaka ya sheria ikapita, na Millar akaendelea kudai kwamba majira hayo ni yake. Mwaka 1769 mahakama iliyoongozwa na Lord Mansfield ilimkubalia: hakimiliki haina mwisho. Lakini Alexander Donaldson wa Edinburgh, aliyefungua duka London na kuuza vitabu vya zamani kwa bei ya chini, aliuchapa utungo huo, akashitakiwa, akakata rufaa hadi Baraza la Malodi. Tarehe 22 Februari 1774 Baraza lilimpa ushindi. Lord Camden ndiye aliyesema kwa ukali zaidi: elimu haikupewa watu wachache waifungie kabatini, na haki isiyo na mwisho itawafanya wasomaji kuwa watumwa wa wauza vitabu.

Kilichotokea baada ya hapo ni darasa kwa kila mpenda mashairi. John Bell alianza 1777 kutoa mfululizo wa washairi wa Kiingereza katika vijuzuu vidogo 109, vinavyotosha mfukoni na vinavyonunulika. Wauza vitabu wakubwa wa London waliingiwa na hofu, na ili kumpiku walimwendea Samuel Johnson awaandikie utangulizi wa kila mshairi. Aliomba guinea 200, wakashangaa kwa uchache. Tangulizi hizo ndizo zilizokuwa Lives of the Poets, wasifu wa washairi 52, kitabu ambacho hakuna mhakiki wa Kiingereza asiyekipitia. Kilizaliwa kwa sababu haki ilikufa. Kama Malodi wangaliamua vingine, Johnson huenda angalibaki akinywa chai yake.

Hadithi ingaliweza kuishia hapo, pacha wakiwa wametenganishwa: kibali kimezikwa 1695, ukiritimba 1774. Lakini udhibiti haukuwa umekufa. Ulihama tu kutoka mlango wa mbele wa kiwanda cha chapa kwenda mlango wa nyuma wa mahakama. Mtu aliachiwa achapishe, kisha akashitakiwa kwa uchochezi au kwa kukufuru. Na siku moja hukumu za uchochezi zikagongana uso kwa uso na hakimiliki.

Robert Southey alipokuwa na umri wa miaka 20, mwaka 1794, moyo wake ukiwaka kwa mapinduzi ya Ufaransa, alitunga mchezo wa kishairi uitwao Wat Tyler juu ya uasi wa wakulima wa 1381. Mswada aliuacha kwa muuza vitabu, haukuchapwa, naye akausahau. Miaka 23 ikapita. Southey sasa alikuwa mshairi rasmi wa mfalme, mwenye posho, akiandika makala za kuitaka serikali iwashughulikie wachochezi. Februari 1817, majuma machache kabla ya Bunge kusimamisha ile sheria inayomlinda mtu asifungwe pasi na kufikishwa mbele ya jaji, Wat Tyler ilitokea madukani. Adui zake walikuwa wameupata mswada. Mbunge mmoja alisimama Bungeni na kusoma kwa sauti, kurasa za makala upande huu, beti za ujanani upande huu.

Southey alikimbilia mahakama ya Chancery kuomba amri ya zuio: kazi ni yangu, alisema, inachapwa bila ya idhini yangu. Jaji alikuwa Lord Eldon, mzee wa msimamo wa kale na rafiki wa kila alichokitetea Southey. Eldon aliusoma mchezo, akakataa. Sheria hailindi mali katika kitu chenye kuwadhuru watu, na ikiwa kitabu ni cha uchochezi basi hakina mwenyewe. Aliongeza kuwa anafahamu kwamba kukataa kwake kwaweza kukizidisha kitabu badala ya kukizuia, lakini hilo si jukumu la mahakama yake. Akawa sahihi. Kila mwenye mashine aliuchapa mchezo huo, ukauzwa kwa peni chache, na inasimuliwa kwamba nakala 60,000 zilitoka, idadi ambayo Southey hakuipata kwa kitabu chake chochote kingine. Mshairi wa mfalme hakupata hata peni.

Mwezi ule ule wa Machi, Eldon yule yule alimnyima Percy Bysshe Shelley malezi ya watoto wake wawili baada ya mama yao kufa, na miongoni mwa ushahidi uliowekwa mezani lilikuwamo shairi: Queen Mab, ambalo Shelley alilichapa kwa faragha 1813, nakala 250 tu, akimkana ndani yake Mungu wa makasisi na kuwakemea wafalme. Mwaka 1821 mpiga chapa aitwaye Clark alilitoa bila ya ruhusa. Shelley alikuwa Italia, hakulipenda tena shairi lile la ujanani, na aliandika gazetini kwamba amemwagiza wakili wake aombe zuio, ila kwa mfano uliowekwa na Wat Tyler hana tamaa kubwa. Hivyo mtunzi hakuweza kulizuia, na serikali, iliyomfunga Clark, haikuweza kulimaliza. Liliendelea kuchapwa na wapiga chapa wa vichochoroni, likawa kitabu cha mafundi na wafumaji, na vuguvugu la Wachartist lilipokuja liliwakuta wengi wamelihifadhi. Mambo kama hayo yalimfika Byron. Februari 1822 Eldon alikataa kuulinda mchezo wake wa Cain, kwa kushuku kwamba unakufuru, na wezi wakamfanya Byron kuwa mshairi wa maskini.

Pana kichekesho hapa, na hapana budi kukitazama kwa makini. Sheria ilikusudia kuwaadhibu washairi wakaidi kwa kuwanyang'anya mali yao. Matokeo yake mashairi ya watiifu yalibaki ghali, katika majalada ya ngozi kwa wenye uwezo, na mashairi ya wakaidi yakawa bure sokoni. Lakini isidhaniwe kwamba udhibiti uliwafaa. Baada ya askari wa farasi kuushambulia mkutano wa amani katika uwanja wa St Peter's, Manchester, tarehe 16 Agosti 1819, na kuua watu zaidi ya 10 na kujeruhi mamia, Shelley alitunga The Mask of Anarchy akampelekea rafiki yake Leigh Hunt alichape. Hunt alikuwa amekwisha kufungwa miaka miwili kwa kumtukana mwana wa mfalme. Hakuthubutu. Mwishoni mwa mwaka ule Bunge lilipitisha sheria sita za kubana mikutano na magazeti, na ushuru wa stempu wa peni 4 ukawekwa juu ya vijigazeti vya maskini. Shairi lilitoka 1832. Shelley alikuwa amezama baharini miaka 10 kabla yake. Waliokufa Manchester hawakulisikia, na waliopona hawakulisikia siku walipolihitaji.

Waliobeba mzigo mzito hawakuwa washairi bali wauzaji. Richard Carlile alikaa gerezani tangu 1819 hadi 1825 kwa kuchapa vitabu vya Thomas Paine. Mkewe alishika duka akafungwa, dada yake akashika akafungwa, na baada yao wakaja watu wa kujitolea, mmoja baada ya mwingine. Henry Hetherington aliuza gazeti lisilo na stempu na kuingia jela zaidi ya mara moja, hadi ushuru ulipopunguzwa kuwa peni moja 1836. Ulifutwa 1855.

Huyu Hetherington ndiye anayeirudisha hadithi kwenye hakimiliki. Mwaka 1837 wakili na mbunge Thomas Noon Talfourd alileta mswada wa kurefusha haki ya mtunzi, ambayo tangu 1814 ilikuwa miaka 28 au umri wake wote, hadi miaka 60 baada ya kufa kwake. Wordsworth alimuunga mkono kwa nguvu, Southey pia, na Dickens alimtunukia Pickwick Papers. Talfourd aliamini kwa dhati kwamba mshairi mkubwa hueleweka polepole, na kwamba sheria ya miaka michache humlipa mwandishi wa msimu na kumwacha mwenye kudumu. Ni hoja nzuri, na mtu aliyetunga kwa miaka 40 bila ya kulipwa hawezi kuidharau.

Aliyeivunja ni Thomas Macaulay, Februari 1841. Hakukana kwamba mtunzi astahili kulipwa. Alisema hakimiliki ni kodi wanayotozwa wasomaji, na kodi iwe na kipimo. Kisha akatoa mfano ambao ulinyamazisha ukumbi: mjukuu wa Milton. Elizabeth Foster aliishi kwa umaskini London katikati ya karne ya 18, hadi mwaka 1750 mwigizaji Garrick alipoonesha mchezo wa Milton kwa ajili ya kumchangia. Katika miaka hiyo hiyo jamaa za Tonson walikuwa mahakamani wakiwazuia wengine wasichape Paradise Lost. Haki ndefu ilikuwapo, mali ilikuwapo, mjukuu aliishi kwa sadaka. Macaulay aliogopa jambo jingine pia, kwamba warithi wanaoionea haya kazi ya marehemu wataizika, na sheria itakuwa imewapa jembe.

Mswada ukaanguka. Miezi minne baadaye, tarehe 23 Juni 1841, Talfourd alisimama tena, si Bungeni bali mahakamani, kumtetea Edward Moxon. Moxon alikuwa mchapishaji wa heshima, mshairi mwenyewe, mchapishaji wa Wordsworth. Mwaka 1839 alitoa diwani kamili ya Shelley, iliyohaririwa na mjane wake Mary. Chapa ya kwanza iliacha sehemu za Queen Mab kwa kuogopa sheria. Mary aliumia kuona kazi ya mumewe imekatwa, na chapa ya pili ikazirudisha. Aliyesababisha ashitakiwe kwa kukufuru ni Hetherington, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alihukumiwa kwa kosa lile lile kwa kuuza vijitabu vya bei ndogo. Hakuwa na ugomvi na Shelley. Alitaka kuona kama sheria inayomfunga muuza vijitabu itathubutu kumgusa mchapishaji wa mabwana. Talfourd aliwaomba wazee wa baraza wasipime mistari michache iliyochomolewa, bali maisha yote ya mshairi na safari yake ya kutoka ukaidi wa ujana. Walimwona Moxon ana hatia. Kisha upande wa mashitaka ukanyamaza, na hakuitwa kupokea adhabu. Hetherington alikuwa amepata jibu lake.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kati na kati: umri wa mtunzi na miaka 7 baada yake, au miaka 42, yoyote iliyo mirefu. Talfourd hakuwamo tena Bungeni. Sheria ya 1911 iliongeza hadi miaka 50 baada ya kifo, na kwa meli za dola ikasafiri hadi makoloni. Haikusafiri peke yake. Sheria za uchochezi zilikuwa katika shehena hiyo hiyo, nazo zilidumu Afrika Mashariki baada ya bendera kushushwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kijitabu chake Kenya: Twendapi? Mashairi ya gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, kitabu chenye mchapishaji na hakimiliki kama kitabu kingine chochote, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kosa la uchochezi liliondolewa katika sheria za Kenya 1997. Uingereza yenyewe ilifuta kosa la kukufuru 2008 na la uchochezi 2009.

Zanzibar ilitunga sheria yake ya hakimiliki 2003. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo serikali ililifungia gazeti la Dira.